Fundi wa Magauni na Ukuta wa Ziwa

Asubuhi ile nilikuwa nimesimama juu ya kiti cha jikoni, nimevaa suruali mpya, na mke wangu amepiga magoti chini yangu na pini mdomoni.

"Simama wima," akasema.

"Nimesimama."

"Basi umepinda."

Akavuta tepu, akapima tena, akatikisa kichwa. Suruali ile aliikata kwa vipimo vyangu vya zamani, alivyokuwa navyo kichwani. Ilikuwa inaburuzika sakafuni kama shela.

"Umeishona ndefu," nikamwambia.

"Suruali haina kosa. Wewe ndiye unayerudi chini."

Akakunja mguu wa kulia, akautia uzi. Kisha akatazama saa, akainuka kwa kushika goti langu. Kulikuwa na bibi harusi anamngoja dukani.

"Na huu wa kushoto?"

"Jioni. Lakini usitoke nayo nje, watu watasema mume wa fundi ana miguu miwili isiyojuana."

Akanywa chai yangu, kwa sababu yake ilikuwa imepoa, akatoka.

Jioni hakurudi. Moyo wake ulisimama akiwa amekaa kwenye cherehani, mguu uko kwenye pedali. Daktari alisema hakusikia maumivu. Mimi nilikwenda kumuuliza yule bibi harusi aliyekuwepo: alilalamika? Akasema hapana, mzee, hakulalamika. Basi nikaamini. Mke wangu kusikia maumivu na kunyamaza, hilo lisingewezekana.

Suruali ninayo. Naivaa hivyo hivyo.

Sasa watu wanasema mengi kuhusu ile kura yake. Wengine wanasema alihongwa. Wengine wanasema mimi ndiye niliyemtuma. Kumtuma mke wangu! Hao hawakumjua. Kwa hiyo nieleze.

Mji wetu una ziwa ambalo Mungu hakuliweka. Zamani pale mto ulikuwa unaingia baharini. Maji yakijaa, bahari inapanda mpaka mtoni. Yakipwa, linabaki tope, kaa na ndege. Wakubwa wa wakati ule wakaona tope ni aibu, mji unataka ziwa. Wakaamua ujengwe ukuta wa mawe mdomoni mwa mto, na lango moja la chuma katikati. Maji yakasimama, likawa ziwa.

Mimi ni mwashi. Nilikuwa kijana, na kipande cha katikati, chenye lango, nilikijenga kwa mikono hii. Ndiyo maana wananiita Mzee Ukuta.

Mke pia nilimpata palepale. Nilichana suruali kwenye jiwe, nyuma, mahali pabaya. Wenzangu wakanielekeza kwa msichana mwenye cherehani aliyekaa kando ya bohari la saruji. Akaniambia nivue. Nikamwambia sina nyingine. Akanipa gazeti. Nikakaa nyuma ya gazeti nisiloweza kulisoma, naye akashona polepole kuliko ilivyohitajika. Baadaye alikubali kwamba alifanya makusudi.

Ziwa likajaa. Hoteli ikajengwa ukingoni. Maharusi wakaanza kuja kupigwa picha, maji nyuma yao yametulia kama kioo. Mke wangu akaona mbali, akafungua duka la kukodisha magauni ya harusi, ng'ambo ya barabara. Bibi harusi anavaa dukani, anavuka barabara, anapigwa picha, anarudi kuvua. Tuliishi na ziwa hivyo. Yeye lilimpa riziki, mimi lilinipa maringo.

Lakini ziwa nalo huzeeka. Mto ulileta tope mwaka hadi mwaka, na tope halikuwa na pa kwenda. Magugu yakaota. Joto likizidi, linanuka. Na mvua kubwa ikinyesha, mto unafika ukutani, unazuiwa, unarudi nyuma na kuingia mtaa wa chini, majumbani mwa watu. Binti yetu anakaa mtaa wa chini. Amepanga matofali kando ya mlango. Akisikia ngurumo, anapandisha kitanda juu ya matofali, anapandisha watoto juu ya kitanda, wanakaa hapo juu kama kuku.

Mji ukagawanyika. Wengine wanasema tope lichimbwe, ziwa libaki. Wengine wanasema ukuta ufunguliwe, bahari irudi, mto uwe kama ulivyokuwa. Mwenye hoteli alikuwa wa ziwa, bila shaka. Kinyozi wetu, ambaye anakaa mtaa wa chini jirani na binti yetu, alikuwa wa kufungua. Mimi msiniulize. Mtu ajenge ukuta kwa ujana wake, halafu aulizwe kama ubomolewe!

Ikaundwa kamati ya wananchi saba. Sita walipatikana upesi, watatu huku, watatu kule, mwenye hoteli na Kinyozi wakiwamo. Wa saba kila wakimtaja, upande mmoja unamkataa. Siku ya kikao mke wangu alikwenda kumpelekea Mwenyekiti wa kamati suruali aliyopunguziwa kiuno. Wakamwona mlangoni, amebeba suruali. Mwenye hoteli akafikiri: huyu anaishi kwa picha za ziwa, ni wetu. Kinyozi akafikiri: huyu ana binti mtaa wa chini, ni wetu. Wote wakapiga makofi. Alikwenda kupeleka suruali, akarudi mjumbe.

"Umekubali?" nikamuuliza.

"Kulikuwa na kiti kitupu, na miguu ilikuwa inaniuma."

Tangu siku hiyo nguo zikaanza kuchanika mjini. Mwenye hoteli alileta mapazia ya vyumba vyote, yote mazima. Kinyozi alileta suruali. Mke wangu akaigeuza ndani nje.

"Hii imechanika wapi, Kinyozi?"

"Itachanika, Fundi. Naiona tu inavyoelekea."

"Basi nitaishona itakapofika."

Lakini mapazia aliyapokea. Aliyapinda upya, akatoza bei yake, akamwambia mwenye hoteli asante, na kuhusu ziwa hakusema neno. Mtu akimsogelea na habari za kura, anatia pini mdomoni. Mke wangu akiwa na pini mdomoni, mazungumzo yamekwisha.

Nami nilijaribu. Nilizunguka mbali.

"Naona leo maji yametulia," nikasema.

"Mmh."

"Ukuta bado una nguvu."

"Mmh."

"Hiyo mmh ni ya ndiyo au ya hapana?"

"Mmh."

Nikatoka nikaenda kunyolewa, na nywele zenyewe sina. Kinyozi ndiye aliyekuwa ananipa habari za kamati. Akaniambia, "Mzee Ukuta, leo mkeo ametuchanganya. Ametaka tupige bandi."

Bandi ni ule mshono mrefu wa uzi mweupe, wa muda. Fundi anaushikiza kwanza, mtu anavaa gauni, anajitazama kwenye kioo, anaketi, anainama. Likikubali ndipo linashonwa kwa cherehani. Likikataa, uzi unafumuliwa. Mke wangu hakuwahi kushona kitu bila bandi, hata mto wa kulalia. Sasa alikuwa amesimama kikaoni na kuwaambia wasibomoe ukuta wala wasichimbe ziwa. Wafungue lile lango la chuma tu, maji ya bahari yaingie na kutoka kwa muda, mji ujitazame.

Injinia wa mji akasema, "Mama, ziwa si gauni."

"Najua, mwanangu. Gauni nikiliharibu nanunua kitambaa kingine."

Injinia akacheka. Akasema kwa kweli linawezekana, lango lipo, kazi yake ni hiyo. Wakakubali.

Lango halikuwa limefunguliwa tangu binti yetu anyonyeshwe. Walitia mafuta, wakavuta kwa mnyororo na lori. Likafunguka kwa mlio uliosikika hadi sokoni, na mbuzi mmoja akakata kamba. Maji yakaanza kutoka. Bahari ilipokupwa, ziwa likashuka, likashuka, halafu likabaki tope.

Harufu sitaielezea. Mji mzima ulifunga madirisha, na mwenye hoteli akafunga hata milango.

Kilichokuja kutushinda ni vitu. Mji wetu ulikuwa unatupa kila kitu ziwani na kusahau, na sasa vyote vilikuwa vimekaa juu ya tope vinatutazama. Baiskeli. Vitanda. Miavuli ya hoteli, yote, ile mwenye hoteli aliyosema imeibwa na watu wa mtaa wa chini. Kibao cha manispaa cha "Usitupe taka ziwani", nacho kilikuwa kimetupwa ziwani. Watu walisimama ukutani wananyoosheana vidole.

"Kile kiti cha kunyolea ni cha nani?"

"Hata mimi nashangaa," akasema Kinyozi.

"Kimeandikwa jina la duka lako mgongoni."

"Watu wabaya sana siku hizi," akasema, akaenda zake.

Jumamosi akaja bibi harusi. Alikuwa amekodi gauni kabla ya hapo, jeupe, lenye mkia mrefu, lile mke wangu alilolipenda kuliko yote. Wakavuka barabara, yeye na bwana harusi, mama yake, wapambe na mpiga picha. Wakafika ukingoni. Maji hakuna.

"Ziwa liko wapi?" akauliza mama yake.

"Limetoka," akasema mpiga picha. "Litarudi jioni."

"Linatoka kwenda wapi? Ziwa lina safari?"

Bibi harusi alikuwa na akili yake. Akasema picha itapigwa tu. Akashuka ngazi ya mwisho, akakanyaga penye rangi ya kijivu akidhani ni saruji. Akazama mpaka magotini. Bwana harusi akaruka kumwokoa, akazama. Mpambe akamshika bwana harusi mkanda, naye akazama. Mpiga picha anapiga tu.

Mke wangu akatoka dukani mbio, mwanamke mzima, tepu inapepea shingoni.

"Shika gauni! Inua gauni! Wewe utaoga, gauni langu haliogi!"

Akaingia topeni mwenyewe. Alikusanya mkia wa gauni, akauweka kichwani kama mzigo, akabaki amesimama pale katikati ya maharusi, tope mapajani, nguo nyeupe kichwani. Mimi niko ukutani. Nilitaka kushuka, lakini nilikuwa nimeshikwa na kicheko mpaka nikakaa chini.

"Cheka tu!" akanipigia kelele. "Utafua wewe!"

Na kweli nilifua.

Tulipokuwa tunavutana hivyo, bahari ikaanza kurudi. Ilipita langoni kimya kimya, maji safi, hata vidole vya miguu unaviona. Ikafunika tope, ikawanyanyua wale walionasa. Bibi harusi akaketi kwenye ngazi akaosha miguu, anacheka, na bwana wake anamwoshea. Mpiga picha akasema hiyo ndiyo picha. Mama wa bibi harusi akasema kama hiyo ndiyo picha yeye hakuzaa.

Baada ya hapo harusi nyingi ziliahirishwa. Wengine walikwenda kupigia picha bustani ya kituo cha treni. Mke wangu alikaa dukani siku nzima na magauni yake, anayasogeza kutoka msumari huu kwenda ule. Msichana mmoja tu alikuja akitaka hasa picha za topeni.

"Kwa gauni langu?" akamwambia. "Kavae la mama yako."

Niliona hasara ile inamwingia. Nikafikiri, sawa, kura imepatikana. Ziwa litabaki, na ukuta utabaki.

Siku moja maji yakiwa yamekupwa sana nilishuka upande wa ndani wa ukuta. Mawe ya chini sikuwa nimeyaona tangu yafunikwe na maji. Yalikuwa ya kijani, yana konokono, lakini hakuna lililosogea. Nilikuwa nayapapasa nikasikia mtu nyuma yangu anahema. Mke wangu alikuwa ameshuka, ameshika viatu mkononi.

"Ndiyo haya?"

"Ndiyo haya."

Akayatazama muda mrefu, jinsi anavyotazama mshono wa fundi mwingine. Akatia kidole kwenye kiungo cha mawe, akakipitisha.

"Hili limekaa upande," akasema.

"Halijakaa upande."

"Limekaa. Ulikuwa unamfikiria nani siku hiyo?"

Alijua. Akapiga lile jiwe kofi mara mbili, kama mtu anavyompiga ng'ombe mzuri begani, tukapanda juu.

Kisha mvua ikaja. Si ya utani. Ilinyesha kutwa, na binti yetu kama kawaida akapandisha kitanda, akapandisha watoto, akapandisha na sufuria, wakakaa wanangoja maji. Mke wangu alichukua mwavuli akaenda kukaa nao. Mto ukaja kwa kelele, ukafika ukutani, ukakuta lango liko wazi, ukapita ukaenda baharini. Mtaa wa chini ukabaki mkavu. Kinyozi alisimama barazani kwake ameshika ndoo, hana cha kuchota.

Binti yetu alikasirika. "Nimebeba kitanda bure," akasema. "Mgongo wote unauma."

Mjukuu mdogo akalia. Yeye alikuwa anapenda kukaa juu.

Mke wangu aliporudi alikuwa ameloa upande mmoja, maana mwavuli wetu ulikuwa na uti mmoja mbovu. Akatundika mwavuli, akakaa. Nikangoja asimulie. Hakusimulia. Wala pini hakutia mdomoni. Hapo ndipo nilipoogopa.

Siku ya kura alivaa gauni lake la bluu. Mimi nilibaki nyumbani, nikapanga viatu, nikapangua, nikapanga. Aliporudi alisimama mlangoni kabla ya kuingia.

"Nimesema lifunguliwe," akasema. "Ukuta utakatwa katikati, wote, mpaka chini. Pembeni utabaki watu wakae."

"Katikati ndiyo yangu."

"Najua."

"Kwa hiyo ukuta wangu basi."

"Na duka langu, je?" akasema. "Nani ananililia mimi?"

Tukala. Chakula kilikuwa na chumvi nyingi, sikusema.

Nilinuna kidogo. Lakini kumnunia mke wangu ilikuwa kazi ngumu, maana hakuwa anaona. Nilikaa kimya asubuhi, akaniuliza kama jino linauma. Nilikaa kimya mchana, akasema afadhali, leo nyumba imetulia. Jioni nikamwomba chumvi, na hapo mnuno ukawa umekwisha.

Yeye hakukaa bure. Alishusha magauni yote msumarini, akaanza kuyapandisha pindo, moja moja. Nikamuuliza anafanya nini.

"Maji yakipwa watatembea chini," akasema. "Wanataka kifundo cha mguu kionekane."

"Na wasipokuja?"

"Basi nitakuwa na magauni mafupi."

Walikuja wachache. Yule wa asubuhi ya mwisho alikuwa mmoja wao.

Baada ya kumzika sikwenda ukingoni. Nilisikia mitambo inaletwa. Nikasikia imesimama tu, haifanyi kazi. Nikafikiri ni mambo ya manispaa, mafuta yameishia njiani.

Mchana mmoja, nimemaliza kula, mlango ukagongwa. Alikuwa Injinia, kofia mkononi, na Mwenyekiti, na Kinyozi nyuma yao.

"Mzee, tumekuja kukuchukua," akasema Injinia.

"Nimefanya nini?"

"Twende ukutani. Vijana wanakungoja."

Tukaenda. Mitambo ilikuwa imepangwa, wafanyakazi wamekaa juu ya mawe yangu wanakula mihogo. Waliponiona wakasimama wote. Nikaona haya, maana nilikuwa na ile suruali.

"Tuanzie wapi?" Injinia akauliza.

"Unaniuliza mimi? Si wewe ndiye injinia?"

"Ndiyo. Lakini kuna sharti."

"Sharti la nani?"

Wakatazamana. Mke wangu hakuwa ameniambia kitu. Kinyozi akasema ilikuwa siku ile ya kura. Watatu walikuwa wamesema huku, watatu kule, Mwenyekiti akamgeukia mke wangu. Akasimama, akaomba maji, akanywa, akasema.

Kinyozi ana tabia ya kutia maneno chumvi. Kwa hiyo nilimwambia anyamaze, nikamuuliza Mwenyekiti peke yake, halafu Injinia peke yake. Wote walisema maneno yaleyale. Ndipo nikaenda mpaka kulia mwa lango, nikaweka mkono juu ya jiwe la kwanza, nikawaambia: hapa.

Maneno ya mke wangu ni haya:

"Nasema lifunguliwe, mwanangu amechoka kulala juu ya matofali. Lakini ule ukuta ni wa mume wangu, na asiuguse mtu mpaka aitwe yeye aoneshe pa kuanzia. Na msimfuate asubuhi. Asubuhi hasemezeki."